Spea za gari la zamani: kuchambua, kuzitunza stoo na kuzipiga rangi ya unga nyumbani

Mwenye gari la zamani hana ujanja, lazima arundike spea. Ukiona silinda hedi safi au dashibodi ambayo haijapasuka unaichukua hata kama ya kwako bado iko poa, maana kesho huipati. Shida inakuja baadae, stoo imejaa na nusu ya vile vitu vimeoza vikiwa vimekaa tu, havijafungwa kwenye gari hata mara moja. Sasa siku hizi vifaa vya rangi ya unga, ile pauda koti inayopulizwa ikiwa unga mkavu alafu inaivishwa kwenye oveni, vimekuwa vya kawaida, mtu anapata kibunduki kidogo na oveni ya umeme iliyotumika anaanza kazi gereji ya nyumbani, na wengi wakishafika hapo wanaona wamepata dawa ya kutu. Sio dawa. Ile rangi inafunika chuma, haikitibu, na kuna spea ambazo ukiziingiza kwenye oveni ndo umeziua moja kwa moja. Kwahiyo hapa tunaanza na kuchambua, tunaenda kwenye kutunza, rangi inakuja mwisho na kwa vile vinavyostahili tu.

Kuchambua

Toa kila kitu nje, kila kitu kabisa, alafu gawa mafungu. Fungu la kwanza ni vyuma vitupu visivyo na mpira wala beringi wala kitu kinachozunguka ndani: mabano, trei ya betri, tapeti kava, mikono ya sespensheni iliyotolewa bushi, rimu za chuma. Hivi ndo wagombea wa rangi ya unga. Fungu la pili ni vyuma vyenye sura iliyochongwa kwa mashine, yaani sehemu zinazosuguana au kukutana kwa vipimo, krenki, kamshafti, gia, diski na dramu za breki. Hivi ni vya mafuta, havina habari na rangi. Fungu la tatu ni mipira, plastiki, vitambaa na waya. La nne vioo, kromu na mabodi. La tano ni vile vilivyowahi kubeba maji au mafuta ndani, kabureta, rejeta, masta silinda, gia boksi, na hili fungu la tano ndo linalokufa haraka kuliko yote kwa sababu ubaya wake uko ndani na nje hauoni kitu.

Kabla ya kuosha piga picha, hasa namba zilizogongwa kwenye chuma. Tabaka la rangi ya unga kwa kawaida ni maikroni 60 mpaka 80, zaidi ya hapo kwa urahisi kabisa ukizidisha mkono, na namba iliyogongwa kwa juu juu inajaa inapotea. Kwa gari la zamani hiyo namba wakati mwingine ndo thamani yenyewe.

Lebo usiandike kwa makapeni juu ya mfuko wa plastiki ukadhani umemaliza, wino unafutika na mafuta. Andika kwenye karatasi weka ndani ya mfuko, alafu funga kibati cha alumini kwa waya nje, gonga au kwaruza jina kwa msumari. Andika ya gari gani, ya mbele au nyuma, kushoto au kulia ukiwa umekaa kama dereva, ina shida gani na inataka nini kabla ya kufungwa. Hilo la mwisho watu wanaliruka, alafu miaka inapita mtu anafunga kalipa ambayo aliiweka pembeni kwa sababu pistoni imeng'ang'ania. Bolti za kila kitu zikae kwenye kimfuko kilichofungwa kwenye kitu chenyewe. Na kipuri kilichovunjika usikitupe mpaka kipya kimefungwa na gari limetembea, maana kile kibovu ndo sampuli yako.

Stoo yenyewe

Adui ni unyevu kwenye hewa. Kutu ya chuma inashika kasi unyevu ukizidi asilimia 60 hivi, kwahiyo lenga 40 mpaka 50. Usikaushe kupita hapo ukidhani unafanya vizuri zaidi, maana ngozi, mbao na gasketi za koki (ile ya vizibo vya chupa) nazo zinakauka zinapasuka. Kipimo cha unyevu ni kitu kidogo sana, tundika kimoja ukutani na kingine weka ndani ya boksi la chini kabisa nyuma, utashangaa tofauti.

Kuna kitu kinachanganya watu: asubuhi baada ya usiku wa baridi, chuma kizito kama bloku ya injini bado ni cha baridi, wewe unafungua milango hewa ya nje yenye joto na unyevu inaingia, inagusa kile chuma inageuka matone. Umeifungulia kutu mlango mwenyewe. Kama unatumia mashine ya kuondoa unyevu funga chumba, ziba mianya, vinginevyo unakausha dunia nzima. Kama huna mashine, fanya kwa maboksi: boksi la plastiki lenye mfuniko unaokaza, mfuko wa silika jeli ndani, basi.

Sakafu ya zege inatoa unyevu, usilaze chuma juu yake hata kama inaonekana kavu, weka paleti za mbao au rafu. Maboksi ya karatasi na magazeti yanafyonza maji yanakaa nayo pale pale kwenye chuma, kwahiyo boksi la asili la spea mpya ya enzi hizo litunze, lina thamani, ila spea ndani yake iwe kwenye mfuko wake. Vizito chini, vyepesi juu, na rafu ifungwe ukutani, hedi ya chuma ikikuangukia hakuna atakayekuuliza ilikuwa ya gari gani.

Vitu visivyolala chumba kimoja na spea: betri, asidi ya aina yoyote hata kama chupa imefungwa, petroli, na chumvi ya kitu chochote. Mvuke wa ile asidi ya kusafishia vigae unapita kwenye mfuniko na unatia kutu chumba kizima, utakuta zana zote zimegeuka rangi na hujui kwanini. Betri ikae pembeni yenye hewa, na ipimwe, ikishuka chini ya volti 12.4 ichajiwe.

Panya nao ni mafundi wa kuvua waya. Ziba matundu, weka mitego, usiache viti vya sponji sakafuni. Mambo ya kunyunyiza harufu sijawahi kuyaamini.

Kila fungu na utunzaji wake

Hapa nakaa kidogo kwenye krenki kwa sababu ndo kitu watu wanakosea wakiwa na nia njema. Krenki ikilazwa kwenye rafu kwa miaka, imeshikwa ncha mbili tu, unaitafutia kupinda. Isimamishe wima, bora zaidi ifunge bolti kwa ile flenji ya flaiwili kwenye kipande cha ubao mzito isianguke. Kabla ya hapo ioshe na thina, pita na brashi nyembamba ndani ya matundu ya mafuta mpaka itoke safi, puliza kwa hewa kavu, alafu vaa glavu. Jasho la vidole lina chumvi, ukishika jano, ile sehemu laini ya krenki inayozunguka kwenye beringi, kwa mkono mtupu alama yako itaonekana kama kutu baada ya muda, mistari ya kidole kabisa. Kisha paka. Oili mpya ya injini inafaa kwa muda mfupi ila inateremka yote inabaki chini, kwa kukaa muda mrefu tafuta mafuta ya kuhifadhia chuma yenye nta ndani yake, yanakauka kidogo yanabaki kama ngozi. Oili chafu iliyotoka kwenye injini usitumie, ina asidi. Na ile spre nyepesi ya kulegezea nati inapeperuka, sio ya kuhifadhi.

Kuna ile karatasi ya kuzuia kutu inayotoa mvuke wake, nzuri sana kwa gia na beringi ila inafanya kazi ikiwa imefungwa ndani ya mfuko, na chuma kiwe safi, usipake mafuta alafu uizungushie karatasi. Angalia pia imetengenezwa kwa ajili ya chuma gani, nyingi ni za chuma cha kawaida, shaba nyekundu na njano zinataka ya kwake.

Kamshafti wima kama krenki. Silinda hedi isikae na uso wake chini kwenye kitu kigumu, weka vipande vya mbao pande mbili. Injini nzima iliyofungwa, toa plagi mimina oili kidogo kila silinda, izungushe kwa mkono kisha rudisha plagi, ziba mdomo wa egzosi na wa kabureta, na kila miezi michache izungushe tena isimame sehemu tofauti. Gia boksi ijaze mafuta hadi juu alafu ziba kila tundu pamoja na lile dogo la kupumulia, ukikumbuka kuyapunguza siku ya kufunga.

Kabureta usiache petroli ndani hata kijiko. Petroli yenye ethanoli inavuta maji, na ikikauka inaacha gundi kwenye vitundu vya jeti na unga mweupe kwenye alumini na zinki. Ifungue bakuli, mwaga, safisha, puliza, mfuko na silika jeli. Rejeta isukumie maji safi pande zote mbili, ikauke kabisa, vizibo.

Masta silinda na kalipa: mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yanavuta unyevu kutoka hewani, kwahiyo ukiacha yaliyobaki ndani unakuta silinda imeliwa vishimo. Mwaga, safisha na spiriti, paka ndani ile grisi maalum ya mipira ya breki. Usithubutu kupaka oili au grisi ya kawaida, mipira ya mfumo huo inavimba. Kuna magari ambayo ni kinyume chake, Citroën za zamani zinazotumia mafuta ya kijani ya LHM hayo ni ya madini, na mipira yake ni ya aina nyingine, ukichanganya hizi dunia mbili umeharibu zote. Kwa vyovyote sili mpya zinunuliwe siku ya kufunga, sio leo.

Mipira ya milango na vioo inaogopa mwanga, joto na ozoni, na ozoni inatengenezwa na mashine ya kulehemu na mota za umeme zinazotoa cheche, kwahiyo boksi la mipira lisikae karibu na kona ya kuchomelea. Usitundike mpira kwenye msumari, utachukua sura ya msumari. Uulaze kwa mviringo mkubwa bila kukunja, nyunyiza poda ya talki, funika giza. Waya wa gari nao hivyo hivyo, mizunguko mikubwa, usikunje kona kali, plastiki ya zamani inapasuka. Matairi soma tarakimu nne za mwisho pembeni, 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, tairi la zamani linaweza kuwa na maua mazuri na bado halifai barabarani.

Vioo simamisha kwa ukingo juu ya mbao yenye kitambaa, umeegemeza kidogo, usilaze hasa kioo cha mbele cha tabaka mbili. Kromu osha, kausha, paka nta mbele na nyuma, na nyuma ndo muhimu zaidi kwa sababu huko kromu ni nyembamba au haipo. Mabodi yaliyo wazi hadi chuma yasipakwe praima ya kawaida yakaachwa, nyingi zinanyonya maji kimya kimya na kutu inaanza chini yake, tumia praima ya epoksi.

Nini kisiingie kwenye oveni

Sasa twende kwenye rangi, na kabla ya kuwasha chochote soma hii sehemu mara mbili. Rangi ya unga inaiva kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Kwa joto hilo shokapu ya gesi au ya mafuta inaweza kulipuka. Tanki la petroli, hata lililokauka na kuoshwa, mvuke upo kwenye mikunjo, liache. Bomba au kitu chochote kilichozibwa pande zote chenye hewa ndani, toboa au kiache. Kalipa yenye sili ndani, mikono yenye bushi, beringi zenye grisi, hapana. Bodi iliyozibwa na pati, pati itavimba. Kitu kilicholehemiwa kwa risasi na bati kinaachia, maana mchanganyiko wa kawaida wa kulehemu waya unayeyuka nyuzi 183. Vitu vya zinki ya kumimina, mfano vitasa na urembo wa kromu wa enzi zile, haviyeyuki kwa joto hilo ila vinatoa mapele juu, achana navyo.

Rimu za alumini zinapigika ila alumini iliyoimarishwa kwa joto kiwandani inapoteza nguvu ukiichoma sana au kwa muda mrefu, kwahiyo hiyo ni ya unga unaoiva kwa joto dogo, usipitilize nyuzi wala dakika, na usiichome tena na tena kubadilisha rangi. Magnesiamu ndo kabisa ikae mbali na grainda na kupigwa mchanga, yaani kusafishwa kwa punje zinazorushwa na hewa, vumbi lake linawaka moto ambao maji yanauzidisha, na kesi za injini ya Volkswagen Beetle ni za aloi ya magnesiamu, wengi hawajui wanadhani ni alumini.

Chumba na usalama

Usipulizie unga kwenye chumba cha spea. Ni laini kuliko unavyofikiri, unaelea unaingia kwenye kila beringi iliyo wazi. Na unga wa rangi ukiwa umetapakaa hewani kwa wingi unalipuka ukipata cheche, kwahiyo hakuna moto, hakuna sigara, hakuna hita yenye waya mwekundu, na usiufyonze kwa vakyum ya kawaida ya nyumbani maana mota yake ina cheche. Fagia polepole ukiwa umeshaulowesha kidogo. Oveni ni ya umeme tu, sio ya gesi, ikae mbali na sehemu ya kupulizia, ina bomba la kutoa moshi nje, na ikishapika rangi mara moja haipiki tena chakula maisha yake yote. Waya wake uwe wa kuhimili mzigo, sio ekstenshen ya chaja ya simu.

Barakoa iwe yenye filta ya vumbi inayobana usoni, miwani, glavu. Aina nyingine za unga wa poliesta zina TGIC, kemikali ya kuifanya rangi iwe ngumu, ambayo ni mbaya kiafya, soma karatasi ya usalama uchague zisizo nayo. Mtu mwenye kifaa cha kuendeshea moyo asishike wala asisogelee ile bunduki, inatoa volti elfu nyingi, za ukubwani zinafika 100,000.

Kazi yenyewe

Osha grisi kwanza, ndo upige mchanga. Watu wanageuza, wanapiga mchanga kwenye chuma chenye grisi, ule mchanga unaisukumia grisi ndani ya vinyweleo vya chuma na pia unachafua mchanga wenyewe. Sabuni ya kukata grisi, maji ya moto, brashi, kausha, rudia.

Unapopiga usitumie mchanga wa mtoni wala wa pwani, silika yake inaharibu mapafu na haiponi. Tumia oksaidi ya alumini au garneti. Shanga za kioo zinalainisha sana uso, rangi inakosa pa kushika. Bati pana na jembamba usilikomalie sehemu moja, linapinda. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi na gasketi na breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto, kwahiyo hivyo visipulizwe kavu kavu wala kufagiliwa. Kompresa iwe na kichujio cha maji, hewa yenye maji inaharibu kila hatua inayofuata.

Ukimaliza kupiga, glavu safi, na rangi ipigwe siku hiyo hiyo. Chuma kilichopigwa mchanga kiko uchi, kwenye hewa yenye unyevu kinaanza kupata kutu ya njano ndani ya masaa.

Kwa vitu vya kumiminwa, tapeti kava za alumini, maniifodi, vyuma vya kusubu, kuna hatua ya kuvitoa jasho. Hivi vina vitundu vilivyokunywa mafuta kwa miongo, na ukivipaka bila hii kazi yale mafuta na gesi vitatoka rangi ikiwa laini vikuachie mapovu. Vichome kidogo juu ya joto la kuivishia, nusu saa hadi saa moja, utaona madoa meusi yakitokeza. Acha vipoe kabisa, futa na asetoni, asetoni haikutani na kitu cha moto hata siku moja, alafu choma tena. Vikitoka safi endelea. Vingine havitoki safi milele, hivyo vipe rangi ya kawaida ya maji (isiyo ya unga) inayovumilia joto muachane kwa amani.

Kuziba. Ziba kila uzi wa bolti, sehemu beringi zinapokaa, nyuso za kukutana, sehemu ya ethi, na kwenye rimu ziba pale nati zinapokaa na pale rimu inapogusa habu. Hili la rimu nalisisitiza: rangi ya unga chini ya nati inabonyea taratibu ukiendesha, nati inalegea bila wewe kuigusa. Tumia vizibo vya silikoni na tepu ya joto kali, masking tepu ya kawaida inaungua inaacha gundi.

Tundika kwa ndoano ya chuma tupu. Kabla ya kupuliza jaribu kuingiza kitu kwenye oveni na ndoano yake uone kama kinapita bila kugusa, maana kikishakuwa na unga ukigusa ukuta umerudi mwanzo. Ethi ndo roho ya kazi, unga unaenda kwenye chuma kwa sababu una chaji na chuma kimefungwa ethi. Ndoano iliyopakwa rangi kwenye kazi iliyopita inazuia umeme, ikwaruze kila mara, pima na multimita kutoka kwenye kitu hadi kwenye ethi halisi ya ardhini.

Puliza kwa presha ndogo, vibunduki vingi vya nyumbani vinataka kama psi 5 hadi 10, fuata kijitabu chake. Umbali sentimita 15 hadi 20. Anza na kona za ndani na mifereji, usianze na sehemu pana, kwa sababu umeme unakimbilia kingo na unga unagoma kuingia kwenye kona. Kama bunduki yako inakubali kushusha volti, zishushe kwenye kona, punguza na unga, pulizia taratibu kwa pembe tofauti. Sehemu pana zitajipaka zenyewe mwishoni. Mulika tochi kwa ubavu, ukiona chuma kinang'aa kwa ndani ongeza, ukiona unga umeanza kuwa na vipele na unadondoka umezidisha. Na uzuri wa hii kitu kuliko rangi ya maji ni kwamba kabla ya kuingia oveni unga bado haujashika, ukikuta unywele au alama ya kidole puliza unga wote utoke uanze upya bila hasara.

Beba kwa upole, ingiza kwenye oveni iliyokwishapata moto. Hapa ndo kazi nyingi za nyumbani zinaharibikia: dakika zinahesabiwa kuanzia pale chuma chenyewe kimefika joto, sio oveni. Karatasi ya unga ikisema dakika 10 kwa nyuzi 200, ni nyuzi 200 za chuma. Mabano membamba yanafika haraka, mkono wa sespensheni mzito unaweza kuchukua mara kadhaa ya muda huo. Kipimo cha joto cha kulenga kwa mbali, cha infraredi, kinadanganywa na vitu vinavyong'aa, afadhali uwe na kipande cha chuma chenye unene ule ule, kimefungwa waya wa kupima joto, kikae humo ndani. Utauona unga kwanza ukigeuka kuwa na majimaji unang'aa, usidanganyike ukaitoa, huko ni kuyeyuka tu bado haijaiva.

Toa tepu kitu kikiwa bado na vuguvugu, kikipoa kabisa ukingo unavunjika vipande. Acha kipoe chenyewe, sio maji. Alafu jaribu sehemu iliyojificha, sugua kitambaa chenye asetoni, rangi kidogo kwenye kitambaa sio tatizo ila uso ukilainika haijaiva, rudisha ndani. Iliyoiva nusu inaonekana nzuri kabisa ila jiwe la kwanza barabarani linaimega.

Kasoro nyingine kwa haraka. Uso wa ganda la chungwa, unga mwingi mno au joto lilipanda polepole. Vitundu, jasho halikutoka. Vishimo vya duara kama macho ya samaki, kuna silikoni imegusa, na hapa kumbuka ile spre ya silikoni unayopakia mipira ya milango, isitumike chumba kimoja na cha rangi. Nyeupe iliyogeuka njano umechoma sana.

Aina ya unga: epoksi inashika vizuri na inavumilia kemikali ila jua linaigeuza chaki, kwahiyo ni ya ndani au ya chini ya rangi nyingine. Poliesta ndo ya nje. Kwa vyuma vya chini ya gari piga praima ya epoksi yenye zinki kwanza, iive nusu tu kama karatasi yake inavyoelekeza, alafu poliesta juu.

Baada ya rangi

Maoni yangu, usipake spea ya kukaa rafuni. Chuma cha kukaa kipake nta, rangi ifanyike wakati kinakaribia kufungwa, kwa sababu kikihitaji kulehemiwa utaichoma rangi yote na moshi wake mbaya, na rangi ya unga haina kiraka kizuri, ikichubuka maji yanaingia chini yake na kutu inatambaa huko bila kuonekana mpaka ganda zima linabanduka. Na kama gari lako ni la kuonyeshwa likiwa kama lilivyotoka kiwandani, rangi ya unga ni nene na inaonekana, fremu za zamani zilipigwa rangi ya maji.

Vilivyopakwa visilaliane, weka karatasi ya sponji katikati. Sehemu ulizoziba sasa ni chuma kitupu, paka mafuta leo, usisubiri. Unga uliobaki funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, mahali pakavu chini ya nyuzi 25 na mbali na oveni, andika namba ya rangi na tarehe, wengi wanaupa kama mwaka mmoja. Ukiwa na mabonge chuja, yakigoma kuvunjika kwa vidole tupa.

Stoo ipitie kila baada ya miezi mitatu hivi: soma kipimo cha unyevu cha boksi la chini, zungusha injini, pima betri, fungua boksi moja moja bila mpangilio unuse na kuangalia. Silika jeli iliyobadilika rangi ikaushe kwa nyuzi 120 au kama pakiti yake inavyosema, na ile oveni ya rangi inafaa kwa hiyo kazi siku ambayo hupiki rangi, itandaze kwenye trei, ikirudi rangi yake irudishe kwenye boksi ikiwa bado ya moto kidogo maana ukiiacha wazi inaanza kunywa maji hapo hapo.